Homa Kuu ya Mwaka 1918: Je, Ilichoka Yenyewe?

Tunapojifunza historia ya Afrika ya Mashariki tumezoea kusoma habari za vita, za mipaka, na za wakubwa waliotawala. Kila mwanafunzi ajua ya kuwa Vita Kuu ya Kwanza ilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, na kwamba majeshi ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki yaliweka silaha chini tarehe 25 mwezi uo huo. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa katika majuma yale yale adui mwingine, asiyeonekana kwa macho, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na kuua watu wengi kuliko waliouawa kwa mizinga na bunduki. Adui huyo ni homa ya mafua, ambayo wataalamu huiita influenza. Yakadiriwa ya kuwa thuluthi moja ya wanadamu wote waliugua, na kwamba watu wapatao milioni 50 walikufa.

Insha hii yahusu nchi iliyo kusini ya Ghuba ya Winam, ambayo leo ni Kaunti za Homa Bay na Migori. Zamani zile ilikuwa sehemu ya wilaya iliyoitwa South Kavirondo, na makao ya serikali yake yalikuwa Kisii. Tutatazama mambo mawili: kwanza, jinsi homa ile ilivyofika huko; pili, jinsi ilivyopungua nguvu. La kwanza ni rahisi kulieleza. La pili lina fumbo ndani yake, na watu wengi hulijibu kwa haraka mno.

Ugonjwa haina miguu. Husafiri kwa miguu ya watu. Kabla ya mwaka 1901 safari ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilikuwa ni kazi ya miezi. Mwishoni mwa mwaka huo reli ilifika Kisumu, na safari ikawa ya siku chache tu. Kisha meli za moshi zikaanza kuvuka ziwa, zikitia nanga Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, zikipakia mazao na kuteremsha nguo, chumvi na majembe. Watu walifurahi kwa biashara ile, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini njia ipitishayo nguo na chumvi haimbagui mgonjwa.

Vita navyo vilizidisha misafara hiyo. Mpaka wa nchi ya Wajerumani ulikuwa hapo karibu tu, kusini ya Migori. Mwezi wa Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yaliuvuka, yakafika Kisii, na mapigano yakawa huko. Baadaye serikali ikataka wapagazi wa kuchukua mizigo ya jeshi, na Nyanza ilitoa vijana wengi sana kwa kazi hiyo. Hao ndio watu wa Kariokor, ambao jina lao limebaki katika mtaa mmoja wa Nairobi hata leo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Na waliorudi, wengi wao walirudi wamedhoofika kwa njaa, kuhara na malaria.

Katika hali hiyo, mwezi wa Septemba 1918, homa ilishuka pwani kwa njia ya bandari ya Mombasa. Ikapanda gari la moshi pamoja na abiria, ikafika Nairobi, ikaendelea hadi Kisumu, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imekwisha enea katika Nyanza. Kutoka kwenye bandari za ziwa ilifuata njia za miguu, kwenda sokoni, kwenye visima na matangani. Mila njema ya kukusanyika kumlilia marehemu, ambayo ni heshima kubwa miongoni mwa Waluo, Waabasuba na Wakuria, iliwakutanisha wazima na wagonjwa.

Dalili zake zilitisha. Mtu aliamka mzima, na jioni alikuwa amelala kwa homa kali, kichwa kikimgonga na viungo vyote vikimwuma. Wengine mapafu yalijaa maji, na midomo ikageuka rangi ya buluu kwa kukosa hewa. Ajabu yake ni hii: mafua ya kawaida huwaua zaidi wazee na watoto wachanga, lakini homa ile iliwakumba hasa watu wenye nguvu, wa umri wa miaka 20 hata 40. Hao ndio walimaji, wavuvi na akina mama wenye watoto wadogo. Tena mvua ilikosekana mwaka ule katika sehemu nyingi za Kenya. Penye ukame, akiugua mwenye jembe, njaa haiko mbali. Yakadiriwa ya kuwa katika Kenya nzima waliokufa kwa homa hiyo walizidi laki moja.

Watu walitafuta maelezo, kama wanadamu wafanyavyo siku zote. Katika South Kavirondo dini ya Mumbo, iliyoanza Alego mwaka 1913 na kufundisha habari za joka kubwa la ziwani, ilipata wafuasi katika miaka hiyo ya taabu. Lakini tusiwacheke wazee wetu. Madaktari wa Ulaya nao walikuwa gizani. Wengi wao waliamini ya kuwa homa ile ililetwa na bakteria mmoja aliyegunduliwa mwaka 1892, na walikosea. Kisababishi chenyewe kilikuwa ni kirusi, kitu kidogo mno kisichoonekana kwa darubini za wakati ule. Kirusi cha mafua ya binadamu kilipatikana London mwaka 1933 tu, na wataalamu watatu, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw.

Baada ya mwaka 1919 homa ikapungua. Iliendelea kurudi kila mwaka, lakini haikuua tena kwa wingi ule. Basi watu wakasema, na wengine wasema hata leo, ya kuwa ugonjwa ukikaa sana huchoka wenyewe, kama moto uishiwao na kuni. Je, ni kweli? Ili kujibu, hatuna budi kujua kirusi ni kitu gani.

Kirusi si mnyama wala si mmea. Ni kifuko kidogo cha protini na mafuta, na ndani yake mna maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kikemia. Maagizo hayo ndiyo tuyaitayo jeni. Kirusi cha mafua kina vipande 8 vya maagizo, vyenye jumla ya herufi 13,500 hivi. Kikiingia katika chembe hai za koo au mapafu, huziteka zile chembe na kuzilazimisha kunakili maagizo yake, mpaka virusi vipya vingi vitoke kwenda kuteka chembe nyingine.

Sasa wazia darasa la wanafunzi arobaini. Mwalimu ampa wa kwanza ukurasa mmoja anakili, wa pili anakili kutoka kwa wa kwanza, wa tatu kutoka kwa wa pili, na hivyo hivyo hadi wa mwisho, wala hapana ruhusa ya kusahihisha. Hapana shaka ukurasa wa arobaini hautakuwa sawa na ule wa kwanza. Herufi moja itaachwa hapa, nyingine itageuzwa pale. Kirusi cha mafua hunakiliwa namna hiyo hiyo, kwa haraka na bila msahihishaji. Kila kosa la kunakili ni badiliko la jeni.

Mabadiliko mengi ni ya hasara kwa kirusi chenyewe, kwani ukigeuza herufi ovyo katika sentensi nzuri, mara nyingi waiharibu, na ni nadra sana uifanye bora. Kirusi kilichoharibika hushindwa kuingia chembe, au kunakiliwa, au kutoka; nacho hufa bila kuacha uzao. Mengine hayana faida wala hasara. Machache sana humpa mwenye nayo nguvu mpya. Hivyo twaona ya kuwa badiliko lenyewe halina nia. Halikusudii kumwonea mtu huruma, wala kumdhuru.

Lakini kama badiliko halina nia, ni nani achaguaye? Kumbuka jinsi mama apepetavyo wimbi katika ungo. Upepo hauumbi punje. Huchukua makapi na kuacha zilizo nzito. Kwa virusi, ungo ni miili yetu na mwenendo wetu. Kirusi kiwezacho kupita kutoka kwa mtu hadi mtu hubaki, kisichoweza hupeperuka. Kirusi kimlazacho mgonjwa kitandani siku ya kwanza chaweza kukosa nafasi ya kukutana na wengine, na kile kimwachacho atembee sokoni akipiga chafya kikapata nafasi nyingi. Katika hali hiyo udhaifu huwa ni faida. Lakini si lazima iwe hivyo kila mara. Katika kambi za askari na meli zilizojaa watu mwaka 1918, mgonjwa mahututi aliwekwa miongoni mwa mamia ya wazima, na ukali wa ugonjwa haukukizuia kirusi kuenea.

Wataalamu wameweza kuyachunguza mambo haya kwa sababu kirusi cha mwaka 1918 kilipatikana tena. Katika kijiji cha Brevig Mission huko Alaska, watu wazima 72 kati ya 80 walikufa kwa siku chache tu mwezi wa Novemba 1918, wakazikwa katika ardhi ya barafu isiyoyeyuka. Mwaka 1951 Johan Hultin alikwenda huko kukitafuta kirusi akashindwa. Mwaka 1997, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, alirudi na kupata kipande cha pafu kilichohifadhiwa na baridi. Jeffery Taubenberger na wenzake wakasoma maagizo yote ya kirusi kile, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 2005.

Walipolinganisha maagizo hayo na yale ya wajukuu wake waliofuata, waliona tofauti nyingi. Mfano mmoja ni protini ndogo iitwayo PB1-F2, ambayo husaidia kuharibu chembe za mwili na kuwafungulia njia bakteria wa kichomi. Mwaka 1918 protini hiyo ilikuwa kamili. Katika virusi vya ukoo ule vilivyoenea tangu karibu na mwaka 1950, kosa la kunakili liliikata, ikabaki na viungo 57 tu. Hapa basi pana badiliko lililopunguza silaha ya adui. Wale wasemao ya kuwa kirusi hudhoofika kwa mabadiliko ya jeni hawasemi uongo.

Hata hivyo wasema nusu ya ukweli tu. Nusu ya pili imo katika damu yetu. Mtu aliyeugua akapona hubaki na kinga, yaani askari wa mwili waliokwisha kumjua adui. Kufikia mwaka 1920 sehemu kubwa ya wanadamu walikuwa na askari hao. Kirusi kilikuta milango imekwisha kufungwa.

Na ushahidi wa jambo hili ni wa ajabu. Mwaka 1957 kirusi kipya kilitokea Asia, kikiwa kimechukua vipande vitatu vya maagizo kutoka kwa mafua ya ndege. Kikaenea duniani kote, na ukoo wa mwaka 1918 ukatoweka kabisa miongoni mwa watu. Lakini mwaka 1977 ukoo ule ulirudi, na kirusi chake kilifanana sana na vile vilivyokuwapo karibu na mwaka 1950. Walioshikwa zaidi walikuwa ni vijana, ambao hawakuwa wamezaliwa ukoo ule ulipoenea. Wazee, ambao kwa kawaida ndio huumia, walipita salama kwa wingi. Kirusi ni kile kile. Tofauti ilikuwa katika kumbukumbu ya damu. Basi tusemapo homa kuu ilichoka, tukumbuke ya kuwa kinga ile ililipiwa kwa makaburi. Hatuwezi kuiita zawadi.

Tena badiliko lidhoofishalo laweza kutenguliwa na badiliko jingine. Kuna dawa ya mafua iitwayo oseltamivir. Wataalamu waliona maabarani ya kuwa kirusi kilichojifunza kuishinda dawa hiyo kilikuwa dhaifu, wala hakikuenea vizuri, nao wakapumua. Lakini kati ya mwaka 2007 na 2009 virusi vya namna hiyo vilienea duniani. Makosa mengine ya kunakili yalikuwa yameufidia ule udhaifu wa kwanza. Kilema alikuwa amepata mkongojo, akatembea kama wazima.

Mwaka 2009 wenyewe ukaja na fundisho lake. Kirusi kipya kilichochanganya maagizo ya mafua ya nguruwe, ya ndege na ya watu kilizuka Amerika ya Kaskazini. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa katika Kenya, mwishoni mwa Juni mwaka huo, alikuwa mwanafunzi mgeni kutoka Uingereza, naye alikuwa Kisumu. Tazama: mji ule ule ambao mwaka 1918 ulipokea homa kwa gari la moshi, sasa uliipokea kwa eropleni. Kirusi hiki hakikuwa na PB1-F2 kamili, wala hakikuua kama kile cha kale. Hata hivyo kilikatisha maisha ya maelfu mengi duniani. Nasi hatukujua tangu mwanzo ya kuwa kingekuwa chepesi kiasi kile. Aliyesubiri aone alikuwa akicheza bahati nasibu.

Je, mwanadamu hana la kufanya ila kungoja? Analo. Aweza kuushika ungo kwa mkono wake mwenyewe. Mfano mmoja mkubwa kabisa wa kazi hiyo ulifanyika hapa Kenya, ingawa si kwa mafua bali kwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliofuta mifugo ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890. Mtu wa Nyanza hana haja ya kuelezwa maana ya kupoteza ng'ombe. Ni kupoteza maziwa, mahari na heshima kwa pamoja.

Huko Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1950, daktari wa mifugo Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walichukua kirusi cha sotoka kilichopatikana Kabete, wakakikuza katika chembe za figo za ndama ndani ya vyombo vya kioo. Kila kilipojaa chombo kimoja walikihamishia kingine, mara tisini hivi. Katika vyombo hivyo hapakuwa na ng'ombe mzima wa kupigana naye. Mabadiliko yakarundikana, na kirusi kikazoea maisha ya chupani hata kikasahau kuua. Ng'ombe aliyechanjwa kwacho hakuugua, lakini alipata kinga ya maisha. Miaka mingi baadaye maagizo yake yaliposomwa, yalionekana kutofautiana na ya babu yake kwa herufi chini ya mia moja kati ya 16,000 hivi. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa ni katika nyati wa Mbuga ya Meru, mwaka 2001. Na mwaka 2011 ikatangazwa ya kuwa ugonjwa huo umekwisha duniani.

Kwa mafua, John Maassab wa Chuo Kikuu cha Michigan alitumia hekima ya namna hiyo. Alichukua kirusi cha mwaka 1960, akakikuza katika baridi iliyozidi polepole, mpaka kikazoea joto la digrii 25 tu. Kirusi hicho huweza kuishi puani, ambako ni baridi, lakini hushindwa katika joto la mapafu. Kwa hiyo humfundisha mwili bila kumwangusha mtu. Chanjo iliyotokana nacho, inayopulizwa puani, iliruhusiwa Marekani mwaka 2003. Lakini mafua hayajakwisha kama sotoka, maana virusi vyake hubadilika upesi na vina makao mengi miongoni mwa ndege, na chanjo yake haina budi kutazamwa upya kila mwaka.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Mabadiliko ya jeni hudhoofisha virusi; hilo ni kweli. Lakini hayafanyi hivyo kwa ahadi, wala kwa ratiba, wala kwa huruma. Yakiachwa peke yake, ungo huzungushwa na kifo: wadhaifu huondoka, waliosalia hubaki na kinga, na ndipo watu husema ugonjwa umechoka. Yakiongozwa na akili, ungo huo huo hutoa chanjo, na kinga hupatikana bila makaburi. Kazi ya kirusi ni ile ile katika njia zote mbili. Tofauti ni nani atakayelipa.

Huku kwetu karibu na ikweta mafua hayana msimu mmoja kama Ulaya. Huzunguka mwaka mzima, na watoto wadogo ndio huyaonja zaidi. Kwa hiyo kijana wa Rongo au wa Mbita anayesoma biolojia asidhani kwamba anajifunza mambo ya mbali. Babu wa babu yake alisimama kwenye gati la Homa Bay asijue kilichoshuka pamoja na mizigo. Yeye aweza kujua. Wahenga walisema ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mwaka 1918 ulijengwa upya na mayatima.